Injini ya alumini imeganda oili na kuota unga mweupe, naweza kuisafisha mwenyewe nyumbani?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, injini ni 1NZ, nakaa Tanga karibu kabisa na bahari. Gari nimeinunua kwa mtu juzijuzi tu. Nikifungua boneti naona aibu, injini imeganda oili na vumbi, halafu kuna sehemu imeota unga mweupe ukigusa unabaki kidoleni, na kwingine alumini imekuwa nyeusi. Jirani anasema nichukue kostiki ile ya kutengenezea sabuni, nichanganye na maji nipake, dakika kumi inang'aa. Fundi wangu anasema tupige silva tu yaishe. Mama naye anasema mbona sufuria zinang'aa kwa majivu na stili waya, kwa nini injini isiwezekane, na mimi naona ana hoja. Nimesikia pia ukipaka injini rangi inachemsha. Nataka ing'ae na nataka kazi niifanye mwenyewe. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo kostiki iweke mbali kabisa na gari, na silva fundi asipige kwanza, halafu tuongee.

Kinachokuchanganya ni kwamba umeona uchafu wa aina tatu ukauhesabu kuwa mmoja. Oili iliyoganda na vumbi ni kitu kimoja, unga mweupe ni kitu kingine kabisa, na ule weusi ni wa tatu. Kila mmoja una chanzo chake na una namna yake ya kutoka, ndo maana jirani, fundi na mama kila mtu amekupa dawa yake na kila mmoja anaona yuko sahihi. Jibu la haraka: ndiyo, kusafisha unaweza mwenyewe, tena kwa vitu vya bei ndogo. Kung'arisha mpaka ujione sura, hapo sikushauri, na sababu nitakupa.

1NZ yako ni alumini karibu yote unayoiona. Bloku ni alumini yenye silivu nyembamba za chuma ndani ya silinda, hedi ni alumini, na samp ya juu (bakuli la oili chini ya bloku) ni alumini. Ila manifoldi ya hewa kwa mbele ni plastiki, watu wengi hawajui hilo wanaipaka tinna inabadilika rangi. Chukua sumaku ndogo upitishe, inaponasa ni chuma, isiponasa gonga kwa kucha, utasikia tofauti ya plastiki na metali. Hii ifanye kabla hujanunua dawa yoyote, na uangalie kabisa vitu vya chuma kama manifoldi ya eksozi kule nyuma karibu na ukuta wa kabini, maana vile vina habari yake ya kutu na joto, hatuvigusi leo.

Sasa hii alumini ina tabia moja ambayo ukiielewa basi mengine yote yanakaa sawa. Alumini tupu ikikutana na hewa inashika oksijeni pale pale na kujifunika ngozi nyembamba mno, nanomita chache tu, huwezi kuiona kwa macho. Ngozi hiyo ndo inayoizuia isiendelee kuliwa. Ni utando wa maziwa ya moto, ukiutoa unajifunga mwingine, ila kila ukiutoa maziwa yamepungua kidogo. Chuma hakina bahati hiyo, kutu yake inabanduka na kuacha chuma kipya kiliwe tena. Kwa hiyo ule ukijivu usiong'aa unaouona kwenye injini ya miaka ishirini sio ugonjwa, ndo afya yake hiyo.

Ngozi hiyo ina mipaka. Kwenye kile kipimo cha ukali wa asidi na magadi kinachoanzia 0 mpaka 14, ngozi ya alumini inatulia kati ya 4 na 8.5 hivi. Ukishuka sana chini ya hapo asidi inaiyeyusha, ukipanda sana juu yake magadi makali yanaiyeyusha. Maji ya kawaida na sabuni ya vyombo yapo salama. Kostiki ipo huko 13, 14, yaani mbali kabisa.

Ukidondosha tone la maji ya kostiki kwenye alumini, sekunde chache za kwanza unaona kimya, hapo ndo ngozi inaliwa. Ikishaisha tu vipovu vinaanza kutoka, vinaongezeka, panachemka penyewe na panapata joto. Vile vipovu ni haidrojeni, gesi inayoshika moto, na ndo maana ile unga ya kuzibulia mabomba ya sinki aina nyingine wanaichanganya kostiki na vipande vya alumini makusudi, ichemke. Ukifunga mchanganyiko huo kwenye dumu, dumu linapasuka. Sasa subiri dakika kumi za jirani yako ziishe, suuza, uone. Pale pamekuwa peusi. Ukipitisha kidole kinatoka na masizi, na watu wengi wakifika hapo wanadhani ni uchafu bado haujatoka vizuri, wanapaka tena kostiki, panazidi.

Weusi ule sio uchafu. Alumini ya kumimina inayotengenezewa hedi na bloku haiji peke yake, inachanganywa silikoni, mara nyingi asilimia 7 mpaka 12 hivi, ili imiminike vizuri kwenye kalibu, na aina nyingine zinawekwa shaba ili iwe ngumu. Mambo ya zamani haya, hata injini ya ndege ya akina Wright ya mwaka 1903 krankkesi yake ilimiminwa kwa alumini yenye shaba asilimia 8 hivi. Kostiki inakula alumini lakini silikoni, shaba na chuma haviyeyuki kirahisi humo, vinabaki juu vimesimama, ndo ule weusi. Viwandani wakitumia kostiki wanafuatisha tindikali ya naitriki kuutoa, kitu ambacho wewe nyumbani sitaki hata ukisogelee. Kwa hiyo kama injini yako ina sehemu nyeusi ya masizi yasiyo na mafuta, uwezekano mkubwa mwenye gari wa kwanza alishawahi kupewa ushauri huo huo wa jirani, au aliosha na dawa kali ya kuondolea grisi kwenye majiko, ambayo nayo mara nyingi ina kostiki ndani.

Na hapo sijagusa macho yako. Kostiki ikiingia jichoni inaendelea kula hata ukishaanza kusikia nafuu. Ikitokea kwa bahati mbaya, maji mengi yanayotiririka yasiyopungua dakika kumi na tano halafu hospitali moja kwa moja, usisubiri.

Upande wa asidi nako wapo wataalamu wa mtaani. Asidi ya betri hapana. Ile dawa ya kusafishia vyoo na malumalu hapana kabisa, nyingi zina tindikali ya haidrokloriki, na kloraidi iliyomo ndo adui namba moja wa alumini, inaichimba vishimo. Halafu kuna dawa za kung'arishia rimu na mabodi ya malori, zinauzwa zimeandikwa za alumini, na unafikiri basi hizi ndo zenyewe. Soma lebo. Ukiona haidrofloriki au amoniamu baifloraidi rudisha kwenye shelfu. Ile kitu ikikumwagikia mkononi unaweza usisikie maumivu mapema, yanakuja baada ya masaa, wakati tayari imeshapenya inakula kalsiamu mwilini, na watu wanakufa kwa hilo. Mtu ikishamgusa anasuuza mara moja na anakimbizwa hospitali na chupa yake mkononi, hata kama ngozi inaonekana nzima. Kwa ajili ya injini ya IST? Haifai bana.

Sasa twende kwa mama, maana mama kasema kitu cha maana. Sufuria zinang'aa kwa majivu na stili waya, kweli. Majivu ya kuni yana magadi ya potashi, ni makali kiasi, halafu yana punje zinazokwaruza, na stili waya inamalizia. Pamoja vinatoa ngozi ya juu na alumini mpya inaonekana. Tofauti ni tatu. Sufuria mnasugua na kusuuza dakika hiyo hiyo, hakuna anayeacha majivu yalale kwenye kona. Sufuria haina matundu ya boti, haina sili, haina sehemu ya gasketi inayotakiwa kuwa nyororo, na ikipungua unene wa nywele kila mwezi hakuna anayejua. Na la tatu, stili waya inaacha vipande vidogo vidogo vya chuma vimejichomeka kwenye alumini. Jikoni vinasuuzwa vinaisha, lakini kwenye injini iliyopo pwani kila kipande kinapata kutu, na chuma kikikaa na alumini penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni alumini. Kwa hiyo stili waya na brashi ya waya wa chuma wa kawaida ziache. Brashi ya nailoni, mswaki wa zamani, na dodoki la jikoni lile la kijani kwa sehemu ngumu. Ukilazimika waya, tafuta wa chuma kisichoshika kutu.

Unga mweupe ndo unaonitia wasiwasi kidogo, sio kwa sura yake ila kwa unapotokea. Hiyo ni alumini iliyoliwa, imegeuka kuwa haidroksaidi. Kama umesambaa juu juu, kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), kwenye alteneta, kwenye mabano ya injini, hiyo ni chumvi ya upepo wa bahari tu, na kama wanakuoshea gari kwa maji ya kisima cha pwani yenye chumvi ndo umeongezewa. Inasafishika, haina shida. Lakini kama umekaa mahali pamoja, umetoa ukoko kuzunguka mdomo wa hospaipu ya redieta, au kwenye pampu ya maji, au kwenye mstari ambapo hedi inakutana na bloku, mara nyingi una rangi ya pinki au kijani kwa mbali, hiyo ni kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini) inavuja na kukaukia pale. Hapo kusafisha ni kufuta ushahidi. Piga picha kwanza kwa simu kabla hujaosha chochote, pande zote, na tochi.

Na fungua kifuniko cha redieta injini ikiwa imepoa kabisa uangalie. Ukikuta maji matupu yasiyo na rangi au ya kahawia ya kutu, basi aliyekuuzia alikuwa anajaza maji ya bomba au ya kisima. Hii ni kawaida sana huku kwetu na ndo inayoua hizi injini za alumini kutokea ndani, polepole, mahali ambapo wewe na jirani yako hamuoni. Kulanti yenyewe ina dawa ya kulinda alumini, maji hayana. Pesa uliyotaka kununulia silva nunua kulanti ile ya Toyota ya pinki, usafishe mfumo ujaze upya. Nasema kwa ukali kwa sababu nimeona hedi nyingi zinang'aa kwa nje na ndani matundu ya maji yameliwa mpaka gasketi haina pa kukalia.

Oili nayo hivyo hivyo. Injini haitoi jasho la oili. Kuna mahali inatoka. Kwenye 1NZ angalia gasketi ya tapeti kava, angalia upande wa mkanda pale kwenye kava la cheni ya taimingi, na angalia valvu ya VVT (inayopitisha oili ya kubadilisha taimingi ya valvu) ina oringi yake ambayo inakauka. Chomoa koili moja ya plagi, ukikuta oili imejaa kwenye tundu la plagi basi sili za juu zimechoka. Huwezi kujua vizuri mpaka usafishe, na hiyo kwangu ndo sababu kubwa ya kuosha injini kuliko kung'aa.

Haya, kazi yenyewe. Injini iwe imepoa, unaweza kuweka kiganja bila kutoa. Usioshe ikiwa ya moto, dawa inakauka juu ya alumini kabla haijafanya kazi, na maji baridi kwenye alumini yenye moto hayana faida yoyote kwa mtu. Toa waya wa negativu wa betri. Alteneta ivishe mfuko wa plastiki uifunge, boksi la fyuzi vile vile, mdomo wa hewa, na soketi zote zinazoonekana. Koili ziache mahali pake, usizitoe wakati wa kuosha, ndo zinazoziba matundu ya plagi. Deepstiki na kifuniko cha oili vikaze vizuri.

Oili iliyoganda ikwangue kwanza kavu kwa kijiti au kipande cha plastiki, utashangaa ni nyingi kiasi gani inatoka bila tone la kitu. Iliyobaki paka mafuta ya taa kwa brashi, acha dakika kumi, sugua, futa kwa matambara. Mafuta ya taa, sio petroli. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, mafuta ya taa mpaka yapate joto la kama nyuzi 38 hivi na kupanda ndo mvuke wake unakuwa hatari, na mchana wa Tanga juani hata hiyo 38 sio mbali, kwa hiyo fanya asubuhi, kivulini, nje, na asiwepo mvuta sigara. Usiyamwagie kwenye mikanda na hospaipu, raba inavimba. Chini weka beseni au maranda ya mbao yanywe, usiache yatiririke kwenye mtaro kwenda baharini.

Baada ya hapo maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, brashi, mara mbili au tatu mpaka maji yanayotoka yawe ya sabuni tu. Suuza kwa maji ya bomba ya taratibu, ndoo na kopo inatosha, au mpira usio na presha. Ile mashine ya presha ya kwenye kaashi woshi usiiruhusu, inasukuma maji kupita kwenye sili na ndani ya soketi, halafu jioni taa ya cheki injini imewaka, gari inatetemeka, mashine ya kupima inakupa namba ya hitilafu P0300 (silinda zinakosa moto) na unaanza kununua koili ambazo hazijafa. Kama maji yenu ni ya kisima cha chumvi, suuza ya mwisho tumia maji ya mvua au hata yale ya kunywa ya chupa kubwa.

Unga mweupe: siki ya kawaida nyeupe, nusu kwa nusu na maji, paka kwa brashi, sugua dakika mbili tatu, usiache ikauke, zisizidi tano, suuza sana. Limau nalo linafanya, soda ya Coca nayo ina asidi kidogo inafanya, ila inaacha sukari na sukari inaita vumbi na sisimizi, sijui kwa nini watu wanaipenda. Unarudia kidogo kidogo kuliko kuongeza ukali. Utakapotoa unga utakuta chini yake kuna vishimo vidogo. Vishimo havitoki, hivyo ni alumini iliyokwenda. Kwa nje havina madhara.

Weusi wa masizi: dodoki la kijani na sabuni utapunguza sana, siki itasaidia kidogo, lakini usitegemee uishe wote, kwa sababu uko ndani ya vinyweleo vya kumimina. Mimi ningeuacha.

Kausha kwa upepo wa kompresa kama unapata, kama hupati acha boneti wazi juani masaa kadhaa. Ndo sasa utoe koili moja moja uangalie matundu ya plagi yana maji au hayana, ukikuta maji yanyonye kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi. Rudisha, toa mifuko yote, narudia yote, hasa ya kwenye mdomo wa hewa, washa.

Sasa rangi. Hiyo habari kwamba rangi inafanya injini ichemshe sio kweli kwa gari yako. Injini yako inapozwa na kulanti inayozunguka kwenda kwenye redieta, joto linalotoka kupitia ngozi ya nje ya bloku ni sehemu ndogo. Tena cha ajabu, alumini iliyong'arishwa ndo mbovu zaidi kwa kutoa joto kwa mnururisho, iliyopakwa rangi inatoa vizuri zaidi, hata kama rangi yenyewe nyembamba inazuia kidogo sana. Hofu hiyo ina msingi kwenye pikipiki zinazopozwa kwa upepo, ukizipaka rangi nene ikajaza katikati ya mapezi, au zikijaa tope, hapo utapata shida. Sio IST.

Kwa hiyo sikatai silva kwa sababu ya joto. Naikataa kwa sababu fundi wako anataka kuipiga juu ya oili, na rangi juu ya oili inabanduka mwezi huo huo kama maganda. Naikataa pia kwa sababu silva ile ya mageti haijatengenezwa kwa joto la injini wala kwa oili na petroli, inageuka njano. Na siku ukitaka kuuza, mnunuzi mwenye akili akiona injini ya 2004 imepakwa silva mpya anajua kuna kitu kimefichwa, anashusha bei au anaondoka.

Kama moyo bado unataka kitu cha kuonekana, chagua tapeti kava peke yake. Hiyo unaitoa, unaifanyia kazi mezani, unarudisha, na ndo macho yanapokwenda ukifungua boneti. Kwanza hakikisha ni alumini na sio plastiki. Toa boti zake kwa spana namba 10, funika juu ya hedi kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kamshafti na cheni zipo wazi pale na punje moja ya mchanga ni nyingi. Osha kava ndani na nje. Kwa ndani kuna bati la kuzuia oili, limebanwa, nyuma yake kuna uwazi usioweza kuufikia kwa kidole. Ndo maana usikubali kupeleka kava ikapulizwe mchanga, zile punje zinaingia nyuma ya bati, unaosha unaona safi, siku injini ikipata moto zinaanza kushuka moja moja kwenye oili. Zaidi ya hapo vumbi la mchanga linaua mapafu ya anayepuliza.

Msasa namba 320 kisha 400 kwa nje tu. Sehemu inapokaa gasketi usiipitishie msasa wala kisu, kijiti cha plastiki na tinna basi. Hata General Motors walishawaandikia mafundi wao waache kutumia visahani vya kusugulia kwenye nyuso za gasketi za alumini, kwa sababu unga wake ukiingia kwenye oili unamaliza beringi. Ukimaliza msasa futa kwa spiriti, usishike tena kwa mkono mtupu, na siku hiyo hiyo piga praima. Praima nyekundu ya mageti haishiki alumini, tafuta iliyoandikwa inafaa alumini na joto, kisha rangi ya injini, makopo mengi yanaandika nyuzi 260 hivi na hiyo inatosha sana. Koti nyembamba tatu ni bora kuliko moja nene. Ziba kwa tepu ya karatasi sehemu ya gasketi, matundu ya boti, na popote waya wa athi unapofungwa, athi juu ya rangi ni ugonjwa wa umeme utakaoutafuta mwaka mzima.

Kurudisha weka gasketi mpya, usirudishe ya zamani hata kama inaonekana nzuri. Paka silikoni ya gasketi kidogo kwenye zile kona mbili ambapo kava la cheni linakutana na hedi, la sivyo oili itarudi pale pale. Boti kaza kwa mzunguko, kidogo kidogo, ni kama nyutonimita 10 tu, yaani nguvu ya kiganja, alumini ikikatika siridi (meno ya tundu la boti) hapo ndo unalia.

Kung'arisha mpaka kioo inawezekana, msasa wa maji 600, 800, 1000 halafu polishi na kitambaa, watu wa magari ya maonyesho wanafanya. Pwani itafifia haraka na utakuwa mtumwa wake. Ukisema uifunike kwa vanishi ya maji maji ili isififie, chumvi inapenya kwenye mkwaruzo mmoja na inatambaa chini ya vanishi kwa mistari mistari, unakuwa na kazi ya kubandua tena. Mimi kwa injini ya kutembelea Tanga kila siku ningeosha vizuri, nikapaka tapeti kava kama nina muda, basi.

Kuna vitu ukiviona usiendelee mwenyewe. Ukisafisha ukakuta mstari mwembamba kwenye hedi au bloku ambao oili au maji yanarudi kujichora pale pale, huo unaweza kuwa ufa. Ukikuta ukoko wa kulanti kwenye mkutano wa hedi na bloku, au mapovu kwenye redieta injini ikiwa inaunguruma, au oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, gari isitembee, ipelekwe kwa mtu mwenye kipimo cha presha, na hedi ikitolewa ipimwe kwenye mashine kama imepinda kabla hawajakurukia kuskimu (kuisawazisha uso kwa mashine). Boti ikizunguka bila kukaza usiweke kubwa zaidi kwa nguvu, kuna mafundi wanachonga na kuweka siridi mpya ya chuma, kazi ndogo tu kwa mwenye vifaa. Na vishimo vikiwa kwenye uso wa gasketi ya hedi au mdomo wa hospaipu ya maji, hiyo ni ya kuchomelewa na kusawazishwa kwa mashine, usizibe kwa gundi ya bati.

Ukishaosha endesha kawaida siku tatu nne, halafu fungua boneti asubuhi kabla hujawasha, na tochi na zile picha za mwanzo. Oili mpya itakuwa imetokea sehemu moja au mbili tu. Hiyo piga picha umpelekee fundi wako, na mwambie gasketi kwanza, habari za silva baadaye.